Jini la Mnada wa Korosho

Nianze na ile sauti, maana nikiichelewesha nitapasuka. Sauti nzito ya mwanaume, yenye mikogo ya mtu aliyezoea kusikilizwa, ikitoka kwenye koo la mtoto wa kike wa miaka minane, Magomeni ya Mtwara, mchana kweupe: "Korosho ghafi, daraja la kwanza! Wanunuzi, kaeni tayari!" Mimi nesi mzoefu, niliyewahi kuwatuliza watu waliokuwa wanang'oa milango, mwili mzima ulinisisimka. Nikajikuta nimeshika rozari mfukoni. Chekeni tu, wanangu, hata mimi nacheka.

Ninaowaandikia ni nyie mnaoanza kazi: manesi wapya, walimu wa madarasa ya chini, vijana wa ustawi wa jamii. Mnaniita Mama Tumaini. Nimestaafu, naishi Shangani ya hukuhuku Mtwara, magoti hayataki ngazi tena lakini mdomo wangu haujapata barua ya kustaafu. Kazi yangu yote niliifanya hapa, kwenye kliniki ya afya ya akili ya hospitali moja nisiyoitaja. Nilikuja kutoka Njombe nimevaa sweta mbili, moja juu ya nyingine. Niliposhuka kwenye basi nikazivua, na sijazivaa mpaka leo.

Chumba chetu kilikuwa mwisho kabisa wa korido na watu walikiita "kwa vichaa". Mama akimleta mtoto, kwanza anakwenda kukaa kwenye benchi la wanaosubiri kung'olewa meno, ameshika shavu kabisa, kisha watu wakipungua ananyata kuja kwetu. Siku moja yule wa meno alimuwahi mama wa watu, akamkalisha kwenye kiti na kumwambia fungua mdomo. Alikuja kwetu baadaye akiwa hana gego. Na lilikuwa bovu kweli, kwa hiyo akashukuru.

Aliyenifundisha kazi ni Tabibu Nantonga, mtu wa Newala, mrefu, mnusa ugoro, mwenye dharau ya waziwazi kwa mtu yeyote mwenye haraka. Wazazi wakija kwetu huja na jibu tayari mkononi: mtoto huyu mtukutu, huyu kaharibiwa na simu, huyu ana jini, huyu kafanana na upande wa baba yake. Sisi wageni wa kazi tulikuwa tunabishana nao. Nantonga habishani. Anasubiri mzazi amalize, anapiga chafya yake ya ugoro, halafu anauliza, "Anafanya hivyo lini? Na kabla ya hapo palikuwa na nini?" Maswali mawili tu. Nilidhani ni uvivu wa mtu mzima. Lakini nawaambieni, hayo maswali mawili yamenilisha maisha yangu yote.

Tuliletewa kijana mmoja wa darasa la pili, hakai, hasikii, anapiga wenzake, anasinzia, akiamshwa anapiga tena. Mama yake alikuwa ameshaona video kwenye simu na akaja na ugonjwa wake kamili, zile herufi nne, ADHD. Alitaka dawa tu, mazungumzo hayakumhusu. Nantonga akauliza lini. Tangu msimu wa korosho. Na palikuwa na nini? Basi ikajulikana kwamba msimu ule watu wana furaha na mifuko imetuna, na nyuma ya nyumba yao kumefunguliwa baa yenye spika ukubwa wa kabati, muziki wa vigodoro mpaka alfajiri. Mtoto halali! Akahamishiwa kwa shangazi yake, akalala, na "ugonjwa" ukaisha wenyewe.

Ngojeni, msikimbilie kusema kwamba hayo mambo ya herufi nne basi ni uongo. Hilo ndilo kosa la pili, na lina mashabiki wengi zaidi. Tulikuwa na mwingine, mtoto wa karani wa bandarini, yeye alilala vizuri kabisa na bado alikuwa hatulii tangu anaanza kutembea, nyumbani, shuleni, kanisani, popote. Baba yake alisema, "Huyu ni kiburi tu, Sista. Mpira wa miguu kwenye televisheni anaangalia dakika tisini hatikisiki. Kwa nini hesabu ashindwe?" Viboko alivyokula yule mtoto kwa sababu ya mpira, Mungu ndiye anajua. Kumbe ndivyo hali hiyo ilivyo. Umakini upo, ila mwenyewe hana usukani wa kuupeleka anakotaka. Akipata kinachomvuta anaganda, asipopata anaruka. Daktari wa kliniki yetu alipomweleza hivyo, karani wa watu akasema taratibu, "Mimi mwenyewe nilikuwa hivyohivyo."

Sasa turudi Magomeni.

Mwanaisha alikuwa akikaanga samaki na kuuza jioni karibu na nyumbani kwao. Alikuja kliniki peke yake, hakupitia hata benchi la meno, nikajua huyu amefika mwisho. Mwanawe Sharifa, darasa la pili, alikuwa amerudishwa nyumbani. Asubuhi moja mstarini, kengele imegongwa, ile ya rimu la gari, na ngoma ya gwaride inapigwa, Sharifa akaziba masikio na kupiga kelele kwa sauti ya mwanaume: "Mnada umefungwa! Mnada umefungwa!" Wasichana wa madarasa ya juu wakatimua mbio, mmoja akaanguka na kuzimia.

Mwalimu mkuu, bwana mpole kutoka Bukoba, alishawahi kuona shule nzima ikifungwa kwa sababu wasichana walianza kuanguka mmoja baada ya mwingine wakipiga mayowe. Aliogopa, na simlaumu. Akasema Sharifa akae nyumbani mpaka atakapoombewa, asomewe, afanyiwe lolote, jini limtoke.

"Na mama yangu amesema Jumamosi wanavuka," Mwanaisha akaniambia. Mama yake, Bibi Fatu, ni mzaliwa wa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji, na ana ndugu huko, mmojawapo fundi wa majini mwenye sifa. "Huyo fundi mtoto hamwachii mpaka jini liridhike, Sista. Kuna waliokaa wakaolewa hukohuko. Sharifa akivuka, shule ndiyo basi."

Aliyasema hayo huku akikunja na kukunjua ncha ya kanga yake. Halafu akauliza lile swali ambalo nyie mtaulizwa mara nyingi kuliko kuulizwa saa: "Kwani mimi nilifanya nini?" Maana baba wa mtoto alikuwa ameondoka akisema kwao hakuna watu wa namna hii, na majirani walikuwa na lao: wengine walisema alikula pweza akiwa mjamzito, wengine kwamba alimwachisha ziwa kwa hasira. Nilimwambia hakufanya kitu. Hakuamini. Mara ya kwanza hawaamini kamwe, kwa hiyo semeni tena na tena.

Kesho yake nikaenda nyumbani kwao. Hilo lishikeni: mtoto mwone anakoishi. Kliniki mtoto anakuwa mgeni, na mgeni hana tabia zake. Bibi Fatu alinipokea kwa heshima zote, kigoda, maji, habari za Njombe, lakini macho yake yalikuwa yanasema umechelewa.

"Ntoto huyu hana neno," akaniambia. "Tangu ndogo, kapole, ukimwita kainamisha macho, hajibizani. Ntaa nzima wanamsifu adabu. Ndo nkasema, jini limemchagua kwa uzuri wake."

Sharifa alikuwa amekaa pembeni ya ukuta, anapitisha ukindu vidoleni, unakwenda, unarudi. Nikamsalimu, kimya. Nikakaa. Mara jirani akawasha mashine ya kusaga, ikanguruma. Mtoto akaziba masikio, na ikatoka ile sauti: "Mnada umefungwa!"

"Umesikia?" Bibi Fatu akaninong'oneza. "Kanena."

Mashine ikazimwa. Sharifa akarudi kwenye ukindu wake kama hakuna kilichotokea. Mwanaisha akaleta sahani ya samaki, na kabla haijatua chini ikaja sauti ileile, safari hii kwa furaha, ile niliyowaanzia nayo: "Korosho ghafi, daraja la kwanza! Wanunuzi, kaeni tayari!" Hapo ndipo niliposhika rozari. Akala, akashiba, akasukuma sahani. "Magunia yamejaa," akasema, na kulala chali.

Lini? Na kabla yake palikuwa na nini? Nilimsikia Nantonga na chafya yake. Kelele zikija, mnada umefungwa. Chakula kikija, wanunuzi wakae tayari. Akishiba, magunia yamejaa. Jini gani hili lenye utaratibu namna hii? Lakini sauti ile ya mwanaume ilitoka wapi? Hilo sikulijua, nikabaki nimekaa na sahani yangu, samaki anapoa.

Ilipofika saa saba, Saidi mwenye kiduka cha jirani akaongeza sauti ya redio yake, maana ulikuwa msimu na kila mtu alitaka habari za mnada. Likaja tangazo lililorekodiwa, lilelile la kila siku, mtangazaji akaunguruma: "Korosho ghafi, daraja la kwanza!" Nikageuka nimtazame Sharifa. Midomo yake ilikuwa inakwenda. Neno kwa neno, pumzi kwa pumzi, hata kikohozi cha mtangazaji alikohoa naye! Wanangu, niliruka. Mwanamke mzima na unene huu, niliruka kigoda kikaenda huko, samaki akaenda kule, paka akanishukuru. "Ndiye huyo! Ndiye huyo!" nilipiga kelele. Bibi Fatu akadhani na mimi limenipanda.

Tukamsogeza dukani kwa Saidi, tukasimama sote watatu tukimsikiliza mtoto na redio wakizungumza kwa sauti moja. Bibi Fatu akatazama redio. Akamtazama mjukuu. Akaitazama tena redio.

"Saidi," akasema, "kumbe jini lenyewe unalifuga wewe!"

Saidi maskini aliapa wallahi mara tatu kwamba redio aliinunua dukani na ina risiti.

Kuna watoto wanaojifunza kuongea kwa vipande vizima. Sisi tunaokota neno mojamoja, wao wanabeba sentensi nzima pamoja na sauti ya aliyeisema, na wanaitumia palepale inapowafaa. Sharifa hakuwa akiropoka. Alikuwa akituambia njaa yake, shibe yake na maumivu ya masikio yake, miaka yote ile, na sisi tunamtafutia ubani.

Safari ya Jumamosi ikaahirishwa. Haikufutwa, iliahirishwa tu. "Sawa, si jini," Bibi Fatu akasema. "Basi ni nini? Na anapona lini? Nkishindwa kujibu, n'navuka naye."

Bahati wiki ile ilikuja huduma ya mkoba, madaktari wanaozunguka kwenye hospitali za mikoa. Alikuwamo Dakta Neema, binti wa Moshi, bingwa wa watoto, kijana na mchapakazi. Akainama kwa upole: "Sharifa, niangalie mwanangu." Sharifa akatazama sakafu. Daktari akatikisa kichwa na kuandika.

"Unaandika nini hapo?" Bibi Fatu akaingilia. "Ntoto kafundwa huyo! Ntoto gani wa kike anankazia macho ntu nzima?"

Na alikuwa na haki yake. Hapa kwetu mtoto aliyelelewa anainamisha macho mbele ya mkubwa. Ukimpima kwa macho tu, utawaandikia usonji, yaani autism, watoto wenye adabu wa Mtwara nzima. Na upande wa pili ndio mbaya zaidi: yule mwenye usonji kweli, hasa msichana mpole, anajificha ndani ya sifa. Mvulana angeshaletwa kwetu zamani kwa kuvunja vyombo. Sharifa alipigiwa makofi ya adabu miaka minane.

Dakta Neema alicheka, akafuta alichoandika, akaniuliza tufanyeje. Nikamwambia twende nje. Kwenye foleni palikuwa na wasichana wanacheza mdako, wanarusha vijiwe na kudaka. Walituamkia macho chini, shikamoo laini kama maziwa, kisha wakageukiana na kukodoleana macho, huyu kaiba kijiwe, huyu hakudaka, mashambulizi kamili! Macho yanafanya kazi vizuri kwa wenzao. Sharifa akaja, akaokota vijiwe vyao vyote, akavigusisha mdomoni kimoja kimoja, akavirudisha, akaenda zake. Mwenzake mmoja alimwita mara kadhaa na hakugeuka. Daktari akafinya karatasi ya peremende nyuma yake, Sharifa akageuka mara moja. Masikio mazima, ingawa baadaye walimpima vizuri pia.

Haikuwa kazi ya siku moja. Aliulizwa Mwanaisha kila kitu tangu uchanga, akaulizwa mwalimu wa darasa, mtoto akaonwa tena. Ndipo daktari akasema: usonji. Bibi Fatu alisikiliza mpaka mwisho.

"Damu hamjachukua?"

"Hatuchukui, bibi."

"Nkojo?"

"Hapana."

"Hata ile picha ya kichwa?"

"Kwa huyu haihitajiki. Hakuna kipimo cha damu cha usonji."

"Sasa mmejuaje? Kwa kunkodolea macho tu?"

"Ndiyo, bibi. Na kwa kuwauliza nyinyi."

"Basi na mimi daktari. Nimenkodolea macho miaka nane."

"Kweli kabisa," Dakta Neema akamjibu bila mzaha. "Ndiyo maana nakuuliza wewe kuliko wote."

Hapo bibi alikaa vizuri kwenye kiti. Akaambiwa kwamba huu si ugonjwa wa kupona kama malaria, mtoto amezaliwa hivyo, atajifunza mengi akieleweka. Haukuletwa na pweza, wala na simu, wala na malezi. Mwanaisha aliposikia hilo la mwisho kwa mdomo wa daktari alijifunika kanga uso mzima akalia, mabega yanatikisika. Bibi Fatu alimwekea mkono mgongoni. Na yeye alikuwa miongoni mwa waliosema pweza, nadhani alikuwa anaomba radhi.

Ikabaki shule. Mimi nilipanga kwenda na maneno ya kitaalamu, nimevaa sare iliyonyooshwa. Nilipofika, nikamkuta Bibi Fatu ameshatangulia! Amekaa ofisini kwa mwalimu mkuu, mjukuu pembeni, na juu ya meza ya mwalimu, juu ya madaftari, ipo redio ya Saidi. Ameibeba kichwani kutoka Magomeni, na Saidi mwenyewe kaja nyuma akiilinda.

"Nasubiri saa saba," bibi akamwambia mwalimu, na kila mwalimu alipotaka kuzungumza, bibi alimwonyesha kidole anyamaze.

Saa saba ikafika. Redio ikaunguruma, Sharifa akaunguruma nayo, sawasawa, mpaka kikohozi.

"Haya, mwalimu," Bibi Fatu akasimama na kujifunga kanga kiunoni. "Kama mjukuu wangu ana jini, na hii redio nayo ikaombewe!"

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Jumatatu iliyofuata Sharifa alikuwa darasani, amekaa karibu na mlango, mbali na ile kengele ya rimu. Mwalimu wake alianza kumwonyesha mkono kabla kengele haijagongwa ili azibe masikio mapema. Akisema mnada umefungwa, anaruhusiwa kutoka kukaa kwenye baraza ya stoo mpaka atulie, na wenzake wakafundishwa maana yake. Safari ya ng'ambo ikafutwa. Bibi alivuka peke yake, kusalimia.

Msinielewe vibaya. Kuna wakati alikataa kuvaa viatu mwezi mzima. Hesabu zilimshinda na zinamshinda. Msiwatafutie hawa watoto vipaji vya ajabu ili ndipo wastahili dawati, maana dawati ni haki yao hata wakiwa wa kawaida kama mimi na wewe. Alimaliza darasa la saba. Anasoma, anaandika, anakaanga samaki na mama yake, na ole wako ugeuze samaki kabla hajasema yeye.

Jumapili iliyopita walikuja kunitembelea hapa Shangani, yeye na Mwanaisha. Ni dada mtu mzima sasa. Kama kawaida nikaanza: redio, kigoda, paka, mwalimu na miwani yake. Nikasimulia nikinyanyua mikono, Mwanaisha anacheka, nikaongeza sauti, nikarudia ile ya pweza, nikaenda kwa Nantonga, nikarudi. Sharifa alikuwa dirishani, hatutazami, anapitisha pindo la pazia vidoleni, linakwenda, linarudi. Halafu akatabasamu kwa dirisha, akakohoa kile kikohozi cha mtangazaji, na kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba, ya kike, akasema:

"Mama Tumaini, mnada umefungwa."

Nikanyamaza palepale.